Mama Sababu, Mwandishi wa Kurasa za Wasiopatikana

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi alasiri, mtengenezaji programu mkuu wa Ofisi ya Kutafuta Jamaa atarudisha kadi yake ya mlangoni na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ya siku ni yake mwenyewe. Idara ya Utumishi iliandika siku kumi, naye akairudisha barua pamoja na maelezo mafupi kwamba siku ya kwanza ya kazi nayo ni siku ya kazi.

Wengi wetu tunamfahamu kwa jina la Mama Sababu. Jina hilo alipewa na mama wa chai, anayezunguka na kigari chake katika vyumba vyote vya jengo hili na kujua mambo ya kila chumba. Asubuhi moja chai ilichelewa, Mama Sababu akauliza kwa nini, akajibiwa kwamba birika limetoboka. Kabla ya saa nne ombi la birika jipya lilikuwa limekwisha andikwa na kutiwa saini. "Huyu dada ukimchelewesha hakugombezi," mama wa chai alisimulia jikoni. "Anataka sababu tu. Ukishampa, anakuacha wewe, anakwenda kuigombeza hiyo sababu." Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kufika kwenye meza yake na kusema kwamba mtandao umekufa bila kueleza umekufa kwa ugonjwa gani.

Hata hivyo, mama huyu hakuja hapa kutafuta kazi. Alikuja kutafuta mtu. Ameruhusu habari hiyo iandikwe katika jarida hili, kwa sharti kwamba isipambwe.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili aliposimama kwa mara ya kwanza katika foleni yetu, mkobani mwake mkiwa na picha ndogo ya mdogo wake wa kiume. Kitinda mimba huyo wa familia yao alikuwa ameondoka nyumbani miaka minne kabla, akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kugombana na baba yao. Baba alitaka arithi karakana ya vyuma. Kijana alitaka kutengeneza redio. Aliondoka na mfuko wa bisibisi na koleo, na dada yake ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni. Angeweza kumshika mkono. Badala yake alimwambia, "Nenda. Njaa itakurudisha." Njaa haikumrudisha. Mwaka uliofuata mama yao alifariki, na baba akakataza jina la kijana lisitajwe mezani. Akabaki dada peke yake wa kuuliza.

Alijaza fomu, akaipeleka, na alipokuwa akingojea mhuri alisoma tangazo ubaoni: anahitajika karani wa kadi za majina ya wanaotafutwa. Aliwaza, kama mtu yeyote mwenye hamu ya mtu wake angewaza, kwamba kuwa karibu na kadi ni kuwa karibu naye. Akaomba, akakubaliwa. Siku ya kwanza ya kazi mkuu wa ukumbi wa kadi alimsomea kanuni ya sita, ambayo haijabadilika hata leo: mtumishi wa ofisi hii haruhusiwi kumtafuta jamaa yake mwenyewe, wala kumtuma mwenzake amtafutie, kwa muda wote wa utumishi wake. Ni kanuni kali, na ina haki ya kuwa kali. Asiyeielewa na amfikirie karani mwenye droo zote mikononi mwake na mtu mmoja tu moyoni mwake. Mkuu wa ukumbi akaitoa fomu ambayo mgeni alikuwa ameijaza wiki tatu kabla, akaiweka mezani, akamwambia achague: fomu au kazi.

Alichagua kazi. Nia yake ilikuwa akae mwaka mmoja, ajifunze jinsi watu wanavyotafutwa, kisha aondoke na kujaza fomu upya kama mtu anayejua. Mwaka ukawa miwili. Kila alipokusudia kuandika barua ya kuacha kazi, palikuwa na kadi mbili zilizokuwa karibu kukutana, mama na mwanawe au mtu na nduguye, na hakupata moyo wa kumwachia mwingine jambo lililobakia siku chache tu. Wanaofanya kazi hii watamwelewa. Wengine tunawaomba wamsamehe.

Mkuu wa ukumbi alimpa droo za herufi zilizo mbali na jina la ukoo wake. Droo zenye jina hilo zilikuwa upande wa dirishani, chini ya uangalizi wa bibi mmoja mcheshi, ambaye kila saa ya chakula alitundika kitambaa chake cha kichwa kwenye vishikio na kumwambia, "Nimeshafunga, mwanangu, usinitazamie droo hivyo. Kale kwanza." Utani huo uliendelea kwa miaka minane, na hakuna hata siku moja ambayo kitambaa kilikutwa kimesogezwa.

Ipo habari nyingine ambayo hatuna budi kuiandika. Kama mdogo wake naye angemtafuta, kazi ingechukua dakika tano, kwa kuwa jina la dada liko katika orodha ya watumishi iliyotundikwa ukutani pale mapokezi. Katika miaka ishirini na saba hakuna aliyefika kuliulizia.

Mwaka wake wa tisa, ofisi ilifungua tovuti, na kadi zikaanza kuingizwa katika kompyuta. Mhandisi wetu wa kwanza, mtu mnene mpole aliyekuwa na chumba chini ya ngazi, alitafuta makarani wa kumsaidia. Mama Sababu alijitokeza peke yake. Alisoma vitabu vya programu wakati wa chakula, akavizungushia jalada la gazeti ili visichafuke, na baada ya miezi kumi na minne alikuwa akimsahihisha mhandisi mwenyewe. Mhandisi hakukasirika. Alisema kwamba amefundisha watu wengi kuandika programu, lakini huyu ndiye wa kwanza kumuuliza programu itamwambia nini mtu wakati imeshindwa.

Kwa manufaa ya wasomaji wasio wa fani hiyo, tueleze kidogo. Tovuti yetu, kama nyingi, haikujengwa kuanzia chini. Imejengwa juu ya kiunzi, yaani mkusanyo wa programu zilizokwisha tayarishwa ambao mjenzi huongeza vyumba vyake ndani yake. Mtu anapoomba ukurasa, seva humrudishia namba kabla ya maneno. Mia mbili maana yake mambo ni sawa. Mia nne na nne, kilichoombwa hakikupatikana. Mia nne na tatu, huruhusiwi kukiona. Mia tano, seva yenyewe imeharibikiwa. Kiunzi huja na kurasa zake za kueleza hayo, fupi na kavu, na wajenzi wengi huziacha kama zilivyo, kwa kuwa kila mmoja hupenda kujenga sebule na si mlango wa nyuma.

Nasi tuliziacha kama zilivyo. Kosa hilo lilikuwa letu sote.

Mwaka wa pili wa tovuti, mzee mmoja fundi cherehani alifika hapa kuwapima walinzi sare mpya. Hakuja kutafuta mtu. Lakini dada wa mapokezi aliposikia jina lake alilikumbuka, akamwuliza kama yeye ndiye aliyekuwa akimtafuta binti yake. Mzee alijibu kwamba alikuwa akimtafuta, zamani, ila ofisi ilimwambia aache. Aliulizwa nani alimwambia. Akasema ni kompyuta. Mwaka mmoja kabla, alikwenda kwenye duka la mtandao mtaani kwake, akaandika namba ya faili, na kioo kizima kikatokea cheupe chenye namba kubwa na neno moja: Hakuna. Alirudi nyumbani, akagawa nguo za binti, akaondoa kitanda chake.

Jibu la binti lilikuwa limekaa droo yetu kwa miezi kumi na minne. Alikuwa hai, akifanya kazi katika nyumba ya dobi mji wa pili, na barua tuliyomtumia mzee ilikuwa imerudi kwa sababu alikuwa amehama. Mama Sababu aliketi naye, akaitafuta katika kumbukumbu za seva ile siku na ile saa, akaona kilichotokea. Mzee alikuwa ameandika tarakimu nane mahali pa tisa. Hilo tu. Alipoonyeshwa, mzee, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, alisema, "Mwanangu, mimi niliuliza, ikanijibu. Nani angebishana nayo?"

Mama Sababu hakuenda kula siku hiyo. Alianza kuandika.

Kurasa zetu zote za hitilafu zilizaliwa wiki hiyo na miezi iliyofuata, na hakuna hata moja iliyopita bila kusomwa na kitengo cha barua. Hapo ndipo alipowachosha watu. Aliikataa sentensi "Kumetokea hitilafu" kwa wiki tatu nzima. Alitaka kujua imetokea wapi, kwa nani, na nani ameisababisha, na kitengo kilipomjibu kwamba ndivyo inavyoandikwa kila mahali, alijibu kwamba kila mahali hapatafutwi watu. Mwishowe iliandikwa: "Mashine yetu imeharibika. Kosa ni letu, si lako. Faili lako halijaguswa. Rudi baada ya saa moja." Ukurasa wa namba isiyofanana na faili lolote ulihesabu tarakimu alizoandika mtu na kumtajia zimepungua ngapi, kisha ukamwambia waziwazi kwamba hilo halina maana kuwa ndugu yake hajapatikana. Kila ukurasa ulitaja sababu, ukataja la kufanya, ukatoa namba ya simu inayopokewa na mtu. Simu hiyo kwa miaka mitatu ya kwanza ilikuwa mezani kwake.

Wasomaji vijana wataliona hili kuwa jambo dogo. Si dogo. Anayekuja kwetu amekwisha kuambiwa "hakuna" na hospitali, na vituo, na majirani. Akija kwetu anastahili kuambiwa ni hakuna ya namna gani.

Miaka mitano baadaye ofisi iliajiri kampuni ya nje kubadilisha kiunzi cha tovuti kuwa kipya. Kazi yao ilikuwa nadhifu, na kurasa za Mama Sababu waliziingiza zote. Lakini ili tovuti isionekane imevunjika mbele ya watu, walitega katikati ya programu mtego mmoja wa kukamata kila hitilafu, iwe ya aina gani, na kuigeuza kuwa jibu moja la upole: mtu huyu hajapatikana. Hakuna aliyejua. Kisha, Alhamisi moja, ghala la kumbukumbu likazimika kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Taa zote za uangalizi ziliendelea kuonyesha kijani. Kwa saa nne watu mia tatu na kumi na wawili waliuliza habari za jamaa zao, wakaambiwa kwa lugha nzuri kwamba hawakupatikana. Seva haikuwa imemtafuta hata mmoja.

Mkurugenzi wa wakati huo alipendekeza tangazo la jumla liwekwe kwenye tovuti. Mama Sababu alisema tangazo husomwa na anayerudi, na mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake hajapatikana huenda asirudi. Alitoa orodha ya namba zote katika kumbukumbu za seva, akapiga simu moja moja, yeye na wenzake wawili, kwa siku tisa. Waliokuwa chumbani wanayakumbuka mazungumzo yake na dereva mmoja wa lori.

"Dada, niko barabarani, sema upesi. Kapatikana?"

"Bado. Nimekupigia kukuambia kwamba jana hatukumtafuta. Tulikuambia hatukumpata, na kumbe hatukuwa tumemtafuta."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Uliza tena sasa hivi."

"Naendesha lori mimi, dada."

"Basi lisimamishe."

Alilisimamisha. Hakumpata aliyemtaka siku hiyo, lakini kila mwezi tangu hapo alipiga simu kumsalimu Mama Sababu na kumwita shemeji, kwa undugu ambao hakuna aliyeweza kuueleza. Watu wanne katika mia tatu na kumi na wawili walipata habari njema siku ile ile walipouliza tena. Mtego uliondolewa. Katika mwongozo wa kazi iliongezwa kanuni yake, ambayo kila mtengenezaji programu anayeajiriwa hapa huiandika kwa mkono wake: usiseme hukupata kama hukutafuta.

Tumefika sasa katika kazi yake iliyo ngumu kuliko zote, na hapa tunaomba msomaji aende polepole.

Ofisi yetu haina mafaili ya wanaotafuta tu. Huandikisha pia watu walioachana na jamaa zao, katika hospitali, mabweni na vituo vya kazi, na kila anayeandikishwa huulizwa kama yu radhi kutafutwa. Wapo wanaokataa. Wana sababu zao. Mafaili yao hufungwa, na yeyote akiuliza, hana ruhusa ya kuyaona. Zamani tovuti ilimjibu muulizaji hivyo hivyo: huruhusiwi. Mwaka wa kumi na tisa wa utumishi wa Mama Sababu, mume mmoja mkali aliandika jina la mke aliyemkimbia, akaona neno hilo, akajua papo hapo kwamba mke yuko hai na yuko katika orodha yetu. Mke yule alilazimika kuhama mji mara ya pili.

Mama Sababu aliamua kwamba faili lililofungwa na faili lisilokuwapo yatajibiwa kwa ukurasa mmoja, wenye namba moja, mia nne na nne, na maneno yale yale: "Leo hatuna habari tunayoweza kukupa kuhusu mtu huyu. Huenda hatumjui. Huenda tunamjua, naye hajaturuhusu kusema. Hatutakuambia ni lipi kati ya hayo mawili, na usituchukie kwa hilo." Ndizo sentensi pekee za tovuti yetu ambazo kitengo cha barua hakikubadilisha hata nukta.

Akaona kwamba haitoshi. Alipopima alikuta seva inachukua muda mrefu kidogo zaidi, chini ya kupepesa jicho, kulijibu jina lenye faili lililofungwa, kwa sababu hulipata kwanza kisha hukagua ruhusa. Mtu mwenye subira na programu ndogo ya kuhesabu muda angeweza kutofautisha. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Kwa muda wa saa mbili yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba ukuta aliojenga una ufa, na kwamba kupitia ufa huo angeweza kujua jambo moja alilolitamani kwa miaka ishirini na tatu: kama mdogo wake yuko mahali fulani, mzima, na hataki kuonekana.

Aliyoyafanya alimsimulia baadaye mhandisi wa zamu, na mwenyewe hajatukataza kuyarudia. Aliliandika jina lile katika kisanduku cha kutafutia, majina yote matatu. Akakaa nalo mbele yake. Kisha akalifuta herufi moja moja, akaufungua msimbo wa programu, akaifanya seva isubiri muda ule ule kwa kila jibu. Kabla ya saa sita ufa ulikuwa umezibwa. Alikwenda kula, akamwomba mama wa chai sukari zaidi kuliko kawaida yake.

Tangu mwaka huo, alipofanywa mtengenezaji programu mkuu, alikuwa na njia nyingine pia, iliyo rahisi zaidi. Mtengenezaji programu mkuu ana ufunguo wa mafaili yaliyofungwa. Kila ufunguo unapotumika, kompyuta huandika nani amefungua, faili gani, na kwa sababu gani. Mwezi uliopita, kwa ajili ya makabidhiano, mkaguzi wa ndani alichapisha ukurasa wake. Katika miaka minane alifungua mafaili arobaini na moja, yote kwa maombi ya wenyewe, yote yakiwa na sababu iliyoandikwa kwa ukamilifu. Hakuna hata moja lenye jina la ukoo wake. Mkaguzi wetu si mtu wa kusifu watu. Aliukunja ule ukurasa, akaomba maji ya kunywa.

Tulimwuliza Mama Sababu wiki hii kwa nini hakutazama, hata mara moja, hata kwa bahati mbaya ya kujitakia. Alijibu kwamba mara ya mwisho alipomwona mdogo wake hakumpa nafasi ya kuchagua. Akarudi kwenye kazi yake.

Miaka mitatu iliyopita aliongeza jambo la mwisho chini ya ukurasa ule: mahali pa kuacha barua. Muulizaji huandika anachotaka kusema. Kama mtu wake yuko katika mafaili yaliyofungwa, barua humfikia, naye hujibu au hunyamaza, apendavyo. Kama hayuko, barua hukaa hadi siku atakapoandikishwa. Aliyeandika haambiwi ni lipi limetokea. Mjumbe mmoja wa bodi alipinga vikali, akisema tunawapa watu matumaini ya bure. Mama Sababu alimjibu, "Matumaini wanakuja nayo kutoka kwao, mheshimiwa. Sisi tunawapa pa kuyaweka." Hadi leo barua elfu nne na mia mbili zimeachwa. Zilizojibiwa ni mia moja na kumi na nane.

Kwa mujibu wa kanuni ya sita, yeye hakuruhusiwa kuacha yake.

Jumamosi ya tarehe 31 hatakuwa tena mtumishi wa ofisi hii. Kanuni itamwachia. Ametuambia atakachofanya, kwa utulivu ule ule anaotumia kueleza ratiba ya matengenezo. Atakunywa chai, ataketi nyumbani kwake mezani, atafungua tovuti kama mtu mwingine yeyote, ataandika majina matatu ya mtu ambaye sasa ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na safari hii atabonyeza. Anajua ukurasa utakaotokea, ikiwa faili limefungwa na ikiwa halipo. Ameuandika yeye. Hautamwambia kitu. Atashuka chini yake, aache barua.

Barua yenyewe ameiandika kwa miezi miwili, saa za chakula, kwenye daftari, katika benchi la uani karibu na chumba cha jenereta, ambako kelele humzuia kila mtu kumsogelea. Kitengo cha barua, kwa kuwa kimesoma kila neno alilowahi kuliweka mbele ya watu kwa miaka kumi na minane, kilijitolea kuipitia hii pia, kwa siri. Alishukuru, akakataa. Alisema hii iende na makosa yake.

Tunamshukuru kwa kila aliyetufikia akaambiwa ukweli, hata ulipokuwa mchache. Tunawashukuru wajomba na mashangazi wa familia yake waliomvumilia alipokosa harusi kwa sababu ya seva. Chumba chake kitachukuliwa na dada aliyefundishwa naye kwa miaka sita, ambaye ameanza naye kuuliza sababu, na mama wa chai amekwisha kulalamika.

Mama Sababu, pumzika, uwe na afya, na asubuhi zako zisikatishwe na simu yetu. Sisi tuliobakia na funguo tumeapa, na maneno ya kiapo uliyatunga wewe, kwa hiyo tukikutana njiani usitafute jibu nyusoni mwetu. Tumekwisha jifunza kutoonyesha. Barua zilizoachwa mwisho wa wiki hushughulikiwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Kama yako ina pa kwenda, itaondoka saa hiyo pamoja na nyingine. Kama haina, tutakaa nayo, hata ikibidi itushinde sisi kwa umri.